UZI: Grepo ya kufumbatia magogo kwa trekta dogo, shamba la minazi Kiboje, nichukue ipi?

mkulima_kiboje:
Asalaam aleikum wakubwa na wadogo. Naomba msaada wenu kabla sijapeleka pesa pahala. Nina trekta dogo la Kijapani, yuzi (mtumba), nguvu za farasi 26, linavuta magurudumu yote manne, mbele lina loda (ile mikono ya kuinulia) na baketi yake na nyuma lilikuja na rotaveta (mashine ya kutifua udongo). Shamba ni eka tatu za babu na nyengine za jirani ambazo tunazilima sie, minazi mitupu, mikongwe, mingi ishakatika vichwa imesimama tu kama nguzo za umeme. Tunaiangusha tupande mipya na chini tutie migomba na muhogo. Kuangusha si kazi, kazi ni kuondoa. Gogo ukilichota kwa baketi linabingirika, ukilifunga mnyororo linalima njia nzima, na makuti ndo usiseme, unachota unafika jaani baketi tupu yote yamemwagika njiani.

Sasa nnataka ile grepo, lile kucha la chuma linafungwa mbele badala ya baketi, meno chini, taya juu, linafumba kwa haidroliki. Mtandaoni nnaona za kila namna, taya moja, taya mbili, futi 4 mpaka futi 6, nyengine ni baketi yenyewe imetiwa taya. Kuna moja ya futi 6 taya mbili nimeipenda wallahi, imekaa kiume. Wanaojua nambieni.

ChumaTupu:
Waaleikum salaam. Mie fundi wa kuchomea, Saateni. Hiyo ya futi 6 iache iliko. Kukaa kiume imekaa, ila trekta lako halina mwili wa kuibeba.

Kaa chini upige hesabu hivi. Loda yako pembeni ina kibati, soma imeandikwa inainua kilo ngapi, tuseme kilo 400. Hizo 400 zinahesabiwa pale kwenye pini, mikono ya loda inapokamatana na baketi, tena loda ikiwa juu kabisa. Gogo lako halikai kwenye pini, linakaa mbele nusu mita au zaidi, kwaiyo toa kama robo, unabaki na 300. Alafu grepo nayo ni mzigo. Ya futi 6 taya mbili yenye chuma cha maana inafika kilo 300 hivi hivi bila kushika kitu, ushaona? Utakuwa unainua grepo unaishusha, unainua unaishusha, majirani wanakutazama. Ya futi 4 nyepesi ni kilo 150 mpaka 180, hapo unabakiwa na kilo mia na ushei za mzigo wenyewe. Chini chini, kiasi cha magoti, loda inainua zaidi ya hapo, ila usiizoeshe.

Na mnazi mbichi watu wanaudharau. Shina bichi uzito wake karibu na wa maji, sehemu ya chini ndo zito zaidi. Gogo la upana wa sentimita 30 kila mita moja ni kama kilo 70. La mita 3 ni kilo 200 na kitu. Kwaiyo kata mita 2, inatosha, hapo trekta lako linabeba bila kulia.

dogo_mwera:
mbona youtube wale wamarekani wanabeba mti mzima na mizizi yake na trekta dogodogo tu hizo za rangi ya chungwa 😂😂 au za kwetu zimechoka

ChumaTupu:
Dogo angalia tena vizuri. Nyingi za zile si trekta, ni vile vimashine vya magurudumu manne mafupi visivyopinda tairi, vinageuka papo kwa papo. Vile vimejengwa kubeba mbele, mashine nzima imekaa nyuma kuwa uzito. Trekta limejengwa kuvuta nyuma, loda tumelipachika tu. Na hizo trekta kweli zikibeba mti, tazama nyuma yake utaona limening'inizwa dude la zege. Hilo hawalisemi kwenye video.

Mtambile_Juu:
Fundi kasema kweli tupu, nami nazidisha hapo hapo kwenye uzito wa nyuma maana ndo roho ya mambo yote haya na watu wanauliza grepo grepo hawaulizi nyuma watafunga nini.

Mie niko Pemba, na Pemba mnaijua, vilima na mabonde, hapana pahala ukaenda mita mia ardhi iko sawa. Ukibeba mbele bila uzito nyuma magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, na breki za trekta dogo ziko nyuma tu, za mbele hamna. Sasa uko unateremka na gogo mbele, nyuma pepesi, unakanyaga breki matairi yanaserereka juu ya udongo mwekundu, utakwenda mpaka mtoni. Kwaiyo kwanza, kigiya cha kuvuta miguu minne kisitoke kamwe ukiwa na mzigo, maana mbele inashikwa na injini hata kama breki haipo. Pili, mteremko ukiwa mkali shuka kinyumenyume, mzigo uwe upande wa juu wa kilima. Panda na shuka moja kwa moja, usikate kilima kwa ubavu na gogo limeinuliwa, huko ndo trekta zinakolala. Mzigo uende chini chini, karibu na ardhi unakotazama mbele ukaona njia, ukifika ndo unainua.

Uzito wenyewe si lazima ununue. Rotaveta lako usilivue, liache huko nyuma limeinuliwa, lishakuwa uzito tayari. Ukitaka zaidi chukua pipa, tia zege na vyuma vya kushikia ile mikono mitatu ya nyuma ya trekta inayobeba rotaveta. Ila pipa la lita 200 usilijaze, likijaa zege ni kilo 480, hilo litakuvunjia mikono. Nusu pipa ni kilo 240, inatosha trekta la farasi 26.

mkulima_kiboje:
Mashaallah, hapa nshapata faida kubwa. Kibati nimekisoma, kimefutika kidogo lakini inasomeka kilo 380 na maneno mengine ya Kijapani. Je matairi ya nyuma kutia maji, nimesikia watu wanafanya, yanasaidia badala ya pipa?

Mtambile_Juu:
Yanasaidia ila si badala, kaka. Maji ndani ya tairi yanalizuia trekta lisipinduke kwa ubavu, yanalikalisha chini. Lakini akseli ya mbele haipati nafuu yoyote, maana uzito umekaa juu ya akseli ya nyuma tu. Kitu kilichoning'inia nyuma ya magurudumu ndo kinachopunguza mzigo wa mbele, kinafanya mzani. Na akseli ya mbele ya hizi trekta ndogo ndo ya kwanza kufa, sili zinavuja, giya za pembeni zinakatika meno. Fanya vyote viwili ukiweza.

Nchi za baridi wanatia maji na dawa yasigande, sie hapa hatuna shida hiyo, maji matupu, robo tatu ya tairi, valvu ikiwa juu. Ila yawe maji matamu, ya kisima cha pwani yenye chumvi usitie, ringi italiwa.

mama_viungo:
Nami nichangie ingawa naona hapa wanaume wanapimana magogo. Mie nina shamba la viungo huku Dole, magogo kwangu ni siku moja moja, kazi yangu ya kila siku ni takataka, matawi, makuti, makumbi, magugu yaliyofyekwa. Kaka wa Kiboje umesema na wewe makuti yanakusumbua, basi usitazame grepo ya magogo peke yake. Zile za magogo zina meno mawili matatu tu, makuti yanapita katikati. Na ile baketi yenye taya usichukue kabisa kwa kazi hii, inabeba udongo pamoja na takataka, ukirundika jaa lako nusu ni mchanga, ukichoma haliwaki, ukitaka mboji unapata tope, na juu ya hivyo ni nzito kwa sababu ina sakafu nzima ya chuma.

Unayotaka ni yenye meno chini yaliyoachana, wazi, kila jino na nafasi ya kama sentimita 15 mpaka 20. Unapita nayo chini chini inakusanya kama reki, unatikisa kidogo udongo unamwagika, unafumba taya unaondoka. Gogo la mita 2 inabeba vile vile.

Na hili la magogo ya mnazi, msiyaache shambani yaoze eti yatakuwa mbolea. Mdudu chonga anazaa humo humo kwenye magogo na visiki vinavyooza, funza wanakulia mle, wakishakuwa wakubwa wanaruka wanatoboa ile minazi mipya uliyopanda kwa jasho lako. Kwaiyo grepo hii ni dawa ya minazi pia, ondoa kila kitu, pasua, choma, au uza mbao sehemu ya chini maana ile ngozi ya nje ni ngumu na ina wateja.

dogo_mwera:
mama apo kwenye matawi umesahau kitu, majimoto, wale chungu wekundu wa mitini 😭 ukishika tawi la mwembe au mkarafuu wanakuja wote kwa bomba la loda mpaka kwenye siti

mama_viungo:
😂 Mwanangu hao wavumilie, hao ndo walinzi wa minazi, wanawala wale wadudu wanaofyonza vidaka. Vaa mikono mirefu.

Baharia_Mstaafu:
Wanangu, nimekaa injini rumu za meli miaka mingi, haidroliki naijua, trekta nimeanza juzi juzi tu baada ya kustaafu. Mmesema chuma, mmesema uzito, hakuna aliyegusa mafuta, na grepo bila njia ya mafuta ni pambo.

Loda yako ina njia mbili za mafuta. Moja inainua na kushusha mikono, ya pili inakunja na kukunjua baketi. Taya la grepo linataka njia ya tatu. Sasa hapo zipo namna mbili. Ya rahisi ni valvu ya kugawa, unaipachika kwenye mipira ya mafuta ya kukunja, ukibonyeza swichi mafuta badala ya kwenda kukunja yanakwenda kwenye taya. Bei yake nafuu na kufunga ni kazi ndogo. Kasoro yake huwezi kukunja na kufumba kwa wakati mmoja, ni hiki au kile. Ya pili ni valvu kamili ya tatu, inachukua mafuta yake mwenyewe kutoka kwenye pampu, unafumba taya huku unakunja huku unainua. Kwa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku ni tamu sana. Kwa shamba la eka tatu na ushei mimi ningetia valvu ya kugawa, pesa iliyobaki ningenunua mipira mizuri. Utazoea baada ya muda mfupi, unafumba kwanza ndo unakunja.

Usiogope taya likifumba polepole, pampu za trekta hizi ni ndogo, nyingi hazitoi zaidi ya lita 20 na kitu kwa dakika, na hiyo polepole ni salama yako.

Sasa usikilize vizuri hapa. Trekta nyingi hizi za Kijapani mafuta ya haidroliki ndo hayo hayo ya giya, dumu moja. Mchanga ukiingia kwenye kaplingi (viungo vya kuunganishia mipira) za grepo wakati unafungua na kufunga, umeingia kwenye giyaboksi. Kila kaplingi iwe na kifuniko chake, na kitambaa safi kiwepo mfukoni, pangusa dume na jike kabla hujaziunganisha. Zile kaplingi zenye uso bapa ni bora kuliko zenye gololi kwa sababu uchafu hauna pa kujificha.

mkulima_kiboje:
Shkamoo mzee wangu. Hapo nimefunguka. Ila kaplingi hizo nimeshaona mtu anahangaika nazo haziingii kabisa, anapiga na nyundo, ni kwa nini?

Baharia_Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Hiyo ni kwa sababu grepo imeachwa juani na mafuta yamefungiwa ndani ya mipira. Jua la Kaskazi likiipiga yanapata moto yanatanuka, hayana pa kwenda, yanasukuma. Nyundo utaharibu. Dawa yake ni kabla hujaivua, shusha grepo chini kabisa, zima injini, alafu kwa upande wa taya cheza na lefa na swichi huku na huku mara kadhaa ili presha itoke, kwa valvu za umeme acha funguo ya umeme iwe wazi, ndo uchomoe. Ukaweke kivulini.

Na jengine, si la mzaha hili. Ukiona mafuta yanavuja usitafute tundu kwa kidole. Yanatoka kwa presha ya bari mia na zaidi, tundu dogo kama la sindano linapenyeza mafuta ndani ya nyama, juu utaona kidoa tu huna habari, ndani mkono unaoza. Pitisha kipande cha boksi, tundu utaliona. Likikupata nenda hospitali saa ile ile, usilale nalo, na uwaambie ni mafuta ya haidroliki maana kwa macho linaonekana jeraha la bure.

Kitasi:
Mimi nauliza swali la kijinga. Kwa nini ununue? Vijana wapo, shoka zipo, mkokoteni upo. Babu zetu waliangusha minazi yote ile bila grepo.

ChumaTupu:
Vijana unao weye huko? Huku gogo moja la mnazi wanalitazama wanakwambia bosi hapo toa na ya soda. Na mgongo ukiteguka nani analipa. Ila una haki kwa jambo moja, kama mti wenyewe ni mchache mtu akodi tu trekta la mwenziwe, asinunue.

mkulima_kiboje:
Sheikh Kitasi na mie nilianza hivyo hivyo, lakini minazi ni mingi, na majirani washaanza kuniuliza nikipata mashine niwasafishie na wao.

Fundi, swali sasa. Nikikuletea vipimo unaweza kunichongea? Au niagize nje?

ChumaTupu:
Naweza, na ntakwambia ukweli ingawa nalia na biashara yangu. Mafundi wetu ugonjwa wetu ni mmoja, tunaogopa kitu kuvunjika kwaiyo tunatia chuma kinene. Mtu anachukua bamba la milimita 16 au anatafuta reli kuukuu, anatoka na grepo ya kilo 350 nzuri ajabu, trekta halitaki hata kuinuka. Piga hesabu mwenyewe kabla hujanunua chuma, bamba la mita moja kwa mita moja, kila milimita ya unene ni kilo karibu 8, bamba la milimita 10 ni kilo 78 na nusu. Kwa trekta lako meno ya milimita 10 mpaka 12 yanatosha, nguvu haitoki kwenye unene inatoka kwenye viungo vya kukaza katikati, bomba la mraba linalopita nyuma ya meno yote na vipande vya pembe tatu pale jino linapogusa bomba. Ncha za meno ndo utie chuma kigumu, blade ya zamani ya greda inafaa.

Kitu nisichochonga ni silinda. Nunua silinda mpya ndogo, pini nene zenye nipo (chuchu) za kutilia grisi, na bushi (pete za ndani ya tundu la pini). Na sehemu ile inayokaa pini lazima itobolewe kwa mashine, ukitoboa kwa moto wa gesi tundu haliwi duara, baada ya msimu mmoja taya linacheza kulia kushoto.

Ukiagiza nje faida yake imeshapimwa, chuma chake chepesi na kigumu kuliko hiki tunachopata madukani huku. Lakini kuna mtego. Nyengi zinakuja na bamba la nyuma la kubana haraka la kile kipimo cha Marekani, na loda yako ya Kijapani ina pini za baketi za kipimo chake. Haziingiani. Utataka adapta, na adapta ina uzito wake, kilo 40 mpaka 60, na inausogeza mzigo mbele zaidi, zile hesabu zetu za mwanzo zinabadilika tena. Ndo maana mimi ningekwambia agiza isiyo na bamba, au ichongwe hapa ikae moja kwa moja kwenye pini zako.

Baharia_Mstaafu:
Na nati za mipira. Meno ya Kijapani na ya Kimarekani yanafanana machoni, ukianza kukaza inaingia duru mbili inakwama, mtu anaongeza spana. Usilazimishe. Nenda kwa wanaobana mipira ya haidroliki na ncha zote mbili mkononi, wakubanie mpira wenye ncha ya huku na ncha ya huku.

uwanda_Makunduchi:
Kwa sie wa kusini hii mnayoisema haitufai? Huku ardhi jiwe tupu.

Mtambile_Juu:
Inafaa kwa kubeba, si kwa kuchimba. Kwenye maweni jino likiingia kwenye ufa wa jiwe na trekta linakwenda, kitu kinapinda, kama si jino basi mkono wa loda. Okota mawe yaliyolegea, funga taya, nenda. Usikwangue.

mkulima_kiboje:
Hilo linanileta kwenye visiki. Grepo itang'oa kisiki cha mnazi?

ChumaTupu:
Peke yake hapana, na hapa ndo watu wanapoua loda. Kisiki cha mnazi hakina mzizi mmoja mkubwa wa kwenda chini, kina mizizi maelfu kama kalamu imeshika udongo pande zote. Mtu anatia jino la pembeni, anainua kwa nguvu upande mmoja, mikono ya loda inajipinda, mmoja unakuwa juu ya mwenziwe, hapo hainyooki tena, baketi itakaa upande maisha. Au anakunjua grepo ncha zitazame chini alafu anarudi rivasi anakwangua, shafti za silinda za kukunja ziko nje zote, nyembamba, zinapinda.

Fanya hivi, chimba kuzunguka kwa sururu, kata mizizi kwa shoka pande tatu, masika udongo ukiwa laini ni rahisi zaidi ila trekta nalo linazama kwaiyo subiri siku mbili tatu pakauke juu. Alafu tia meno katikati, sawa sawa, sukuma kwa giya ndogo huku unakunja taratibu. Kikitikisika rudi nyuma, ingia upande mwengine. Kisichotikisika kiache, kipasue kwa shoka na moto.

mama_viungo:
Na kabla hujaangusha hata mmoja, pita kwa sheha na watu wa misitu uulize kibali. Mkarafuu ndo kabisa usiguse kwa kujiamulia. Wakija wakakuta trekta na magogo yamelala huna pa kujificha.

dogo_mwera:
bro alafu mbele pale radieta weka wavu wa chuma, matawi yanachomoka katikati ya meno yanaingia moja kwa moja kwenye grili, na mipira ya taya ivishe mpira mwengine wa nje au ile turubai ngumu maana tawi likiukamata linaung'oa

ChumaTupu:
Leo dogo kasema la maana.

Baharia_Mstaafu:
Na ile nguzo ya nyuma ya kuzuia kupinduka, kama trekta lako limekuja bila yake mwambie fundi akufungie iliyopimwa, na mkanda wa siti pamoja. Nguzo bila mkanda trekta likilala linakurusha nje alafu linakulalia. Gogo likiwa limeinuliwa asipite mtu mbele wala chini, watoto wa shamba wanapenda kukimbilia. Mpira ukipasuka taya halina breki, linaweza kufunguka.

mkulima_kiboje:
Wakubwa nimetosheka. Nimekata shauri, futi 4, taya moja pana la katikati, meno ya wazi alivyosema bibie, valvu ya kugawa, inakaa moja kwa moja kwenye pini bila adapta, na rotaveta linabaki nyuma. Matairi nitatia maji. Fundi inshaallah wiki hii nakuja Saateni, nije na nini?

ChumaTupu:
Taya moja kwa futi 4 umefanya vyema. Mbili faida yake ni pale ukishika gogo nene huku na jembamba kule, kila taya linajibana kivyake, kwa upana huo huna haja, unaongeza silinda na mipira na kilo tu.

Njoo na baketi yenyewe ukiweza kuipakia, ndo kipimo bora kuliko vyote. Ukishindwa, nipimie kipenyo cha pini za juu na za chini kwa kalipa (kipimo cha kubana) si kwa rula, umbali wa katikati ya pini ya juu mpaka katikati ya pini ya chini, na nafasi kati ya mikono miwili ya loda, ndani kwa ndani. Piga na picha ubavuni baketi ikiwa imekunjwa mwisho na imekunjuliwa mwisho, nione taya lina nafasi kiasi gani lisije likagonga mikono ya loda au boneti. Kibati cha kilo 380 piga picha pia.

mkulima_kiboje:
Kalipa sina.

ChumaTupu:
Basi leta pini moja ya juu na moja ya chini mfukoni, baketi iache imelala chini kabisa ukizichomoa, isije ikakuangukia mguuni.